Tusiviite Vigeu vya Mazingira, Tuuite Wosia

Washairi wenzangu, huku kwetu Makumira, chini ya Mlima Meru, neno "mazingira" lina maana iliyokita mizizi: misitu, mito, udongo na hewa. Ndiyo maana "vigeu vya mazingira", tafsiri ya neno kwa neno ya istilahi inayotumiwa na waandishi wa programu, humwacha msomaji gizani. Misitu haimo, na "kigeu" humkumbusha kigeugeu, ilhali kinachotajwa huwekwa ili kitegemewe.

Tukitazame chenyewe. Airflow ni zana ya kuratibu kazi za data: taarifa zichotwe hapa, zisafishwe, zipelekwe kule, kila hatua kwa zamu yake. Mimi huuita mpangilio huo mfereji wa data, kwa kuwa mifereji ya Meru nayo huteremsha maji hadi kwenye migomba na kahawa. Zamu ya maji ikibadilika, mfereji hauchimbwi upya. Hufunguliwa hapa na kuzibwa pale. Vivyo hivyo, programu ile ile yapasa kuendeshwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi na kwenye seva kuu bila kubadilishwa herufi. Kinachotofautiana, kama vile anwani ya hifadhidata, nywila na folda ya kazi, huwekwa nje yake, kila thamani kwa jina lake. Katika Airflow, thamani iliyotolewa kwa njia hiyo huishinda ile iliyoandikwa katika faili la mipangilio. Anayeandika nywila ndani ya programu amempa siri yake kila atakayeinakili.

Utaratibu huu ulianza na toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, na kanuni yake ni ya kifamilia. Programu mzazi humpa programu mwana nakala ya thamani hizo. Mwana aweza kuzibadilisha kwa matumizi yake, lakini mabadiliko hayo hayamfikii mzazi. Kwa jambo hili Kiswahili kina neno: wosia. Mwana Kupona alimuusia bintiye kwa utendi mwaka 1858, naye binti akabaki na maneno hayo katika maisha ambayo mama hakuyaona.

Najua wapo watakaosema kwamba wosia ni wa mauti. Siafiki. Mzazi humuusia pia mwana anayefunga safari, na kila programu inapoendeshwa ni safari.

Istilahi si pambo. Anayekariri jina asilolielewa atakosea mahali pa kuweka siri. Anayesikia "wosia" anajua tayari kwamba umetoka kwa mkubwa, umetolewa kabla ya kuondoka, na haurudi kumbadilisha aliyeutoa. BAKITA husanifu istilahi, lakini lazima kwanza kuwe na maneno ya kusanifiwa. Kazi ya kuyatafuta ni yetu sisi tunaopima maneno kila siku kwa vina na mizani. Tukinyamaza, watayatafuta wengine kwa kamusi tupu.