Rekodi Iliyoharibika ni Hatari Kuliko Iliyopotea

Mama mjamzito atokaye Kagunga hufika Kigoma mjini kwa boti, amechoka na pengine ameloa. Faili lake likikosekana kabisa, muuguzi huanza upya: humuuliza historia yake, na maabara humpima tena. Lakini faili likifunguka vizuri kwenye kompyuta, huku sehemu ya mzio wa penisilini ikiwa tupu, hakuna atakayeshtuka. Dawa itaandikwa. Rekodi iliyopotea hujulikana mara moja, iliyoharibika huaminiwa.

Vyanzo vya uharibifu vinafahamika. Umeme ukikatika wakati taarifa inaandikwa, nusu huingia na nusu hubaki nje. Kanzidata nzuri hujikinga kwa kuandika kila badiliko kwanza katika kumbukumbu maalumu. Umeme ukirudi, hukamilisha au hufuta kilichoishia njiani. Kinga hiyo haifui dafu mbele ya diski iliyochakaa, wala haizuii wagonjwa wawili wenye jina moja kuunganishwa kimakosa. Mkoa wa Kigoma, ulioishi miaka mingi kwa jenereta za mafuta kabla Gridi ya Taifa haijaanza kuufikia mwaka 2022, hauhitaji kufundishwa maana ya umeme kukatika. Betri ya akiba kwenye seva si anasa.

Wengi hutulizwa na nakala rudufu. Hata hivyo, nakala ichukuliwayo leo kutoka kanzidata iliyoharibika jana ni nakala ya uharibifu. Hivyo zitunzwe za siku, za wiki na za mwezi, na walau moja ikae nje ya jengo. Kila mwezi nakala irejeshwe kwenye kompyuta ya majaribio, na rekodi chache zilinganishwe na rejesta za MTUHA na mafaili ya karatasi. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Uharibifu ukigundulika, haraka haina baraka. Programu za ukarabati huweza kutupa zisichoweza kukisoma. Uingizaji usitishwe, faili lililoharibika linakiliwe lilivyo, nakala safi ya mwisho irejeshwe, na pengo lijazwe kutoka kwenye karatasi.

Ujiji ina funzo lake. David Livingstone alirejea hapo Oktoba 1871 akiwa na shajara aliyoiandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Baadaye aliinakili, akibadilisha baadhi ya maelezo. Wino ulififia, lakini mwaka 2011 watafiti waliusoma tena kwa picha za mwanga maalumu. Tofauti zilijulikana kwa sababu asili haikutupwa.

Itasemwa kwamba haya ni ya mafundi wa TEHAMA. La hasha. Fundi hujua kama faili ni zima. Anayejua kwamba mzee wa kiume hawezi kuandikiwa ujauzito, au kwamba kundi la damu halibadiliki kati ya kliniki mbili, ni mhudumu wa afya. Ulinganishaji wa rekodi uwe sehemu ya tiba, uwe na siku yake na msimamizi wake.

Naye mgonjwa atunze kadi yake, na aombe asomewe jina, tarehe ya kuzaliwa na mzio wake kabla ya dawa. Kuuliza hivyo si kumdharau daktari, bali ni kumsaidia.