Umeme Nao Una Kipimo

Mwezi Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Daktari Alain Cribier alimwekea mgonjwa vali mpya ya aota kwa katheta, bila kumpasua kifua. Tangu hapo wazee wengi wenye vali zilizokakamaa wamepata tiba. Sifa nyingi huiendea vali. Sekunde ambazo moyo huharakishwa kwa umeme husahauliwa.

Vali inayopanuliwa kwa puto haiwezi kutua mahali pake iwapo damu inaisukuma kwa nguvu. Kwa hiyo moyo huendeshwa mapigo 180 hadi 220 kwa dakika. Chemba hukosa muda wa kujaa, shinikizo hushuka, puto hutulia. Manufaa hayo yana gharama: msuli wa moyo huhitaji oksijeni zaidi wakati ule ule unapopata damu kidogo. Moyo wenye nguvu hurejea haraka. Uliodhoofika waweza kuchelewa, na figo na ubongo vikapungukiwa damu.

Njia ya kupitishia umeme nayo yahitaji kufikiriwa. Kwa desturi, waya wa muda hupitishwa katika vena hadi chemba ya chini ya kulia, na ncha yake yaweza kutoboa ukuta mwembamba wa moyo. Utafiti wa EASY TAVI, uliofanyika Ufaransa kwa wagonjwa 303 na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba waya elekezi uliokwisha kuwekwa katika chemba ya kushoto huifanya kazi hiyo vilevile, kwa muda na gharama pungufu. Hata hivyo, waya huo ukitolewa, kinga huondoka nao. Mgonjwa ambaye tawi la kulia la njia ya umeme wa moyo wake limeziba tangu awali bado anahitaji waya wa vena, kwa kuwa moyo wake waweza kusita ghafla baada ya vali kuwekwa.

Mazoea, basi, yasiwe mwamuzi. Kabla ya tiba, jopo lijiulize kama vali iliyochaguliwa inahitaji kuharakisha moyo. Zinazojifungua zenyewe mara nyingi hazihitaji kasi hiyo. Pale inapohitajika, idadi ya vipindi na sekunde zake ziandikwe katika jalada, na shinikizo liachwe lirejee kabla ya kipindi kingine. Dawa haitolewi bila kipimo. Umeme unaosimamisha mzunguko wa damu haustahili uangalifu mdogo zaidi.