Mshahara Ghafi Sio Fedha Zilizoingia Benki

Kila mwaka, ifikapo tarehe 30 Juni, wafanyakazi wa Kenya hutakiwa wawe wamekwisha kupeleka ritani zao za kodi ya mapato ya mwaka uliopita. Na kila mwaka tunawaona ndugu zetu wakipanga foleni katika saiba, wakimwachia kijana wa mahali pale ajaze tarakimu wasizozielewa wenyewe. Jambo hili halitupendezi hata kidogo.

Kosa la kwanza ni hili. Mtu huulizwa mshahara wake ghafi, naye hutaja fedha zilizoingia benki. Hizo sizo. Mshahara ghafi ni malipo yote kabla hakijakatwa kitu: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, malipo ya saa za ziada na kadhalika. Katika fomu ya P9, anayopewa mfanyakazi na mwajiri wake, jumla hiyo imo katika safu ya D.

Tumchukue mfanyakazi aliyepata shilingi 50,000 mwezi wa Machi 2025. Akiba ya uzeeni ya NSSF ilichukua 3,000, bima ya afya ya SHIF 1,375, na tozo ya nyumba 750. Makato hayo matatu, yaani 5,125, yaliondolewa kwanza, zikabaki 44,875. Na hizo ndizo zilizotozwa kodi. Baada ya nafuu ya 2,400, kodi ilikuwa kama 5,846, naye akapeleka nyumbani 39,029. Basi akiandika 39,029 mahali pa 50,000, kisha akaandika tena makato yale yale, ameyaondoa mara mbili, na hesabu yake haitapatana na ya mwajiri. Mkopo wa SACCO nao haupunguzi kodi, ijapokuwa umo katika orodha ile ile ya makato.

Lipo jambo zito zaidi. Mtambo wa Mamlaka ya Ushuru huweza kujaza wenyewe tarakimu alizopeleka mwajiri, na wengi hubonyeza tu, wakaondoka. Je, ikiwa mwajiri alikata kodi asiipeleke, au alitaja mshahara mdogo kuliko aliolipa? Mfanyakazi aliyezitupa karatasi zake za mshahara atajitetea kwa nini? Mwenye kuzitunza zote kumi na mbili atajumlisha ghafi zake, apate 600,000, na P9 ikisema 540,000 atajua pa kuanzia kuuliza.

Wako wasemao kazi hii ni ya makarani. Hatukubali. Shuleni tulikokotoa faida za wauza maembe mpaka tukachoka, wala hakuna aliyetuonyesha karatasi ya mshahara hata moja. Lakini hesabu ni zile zile za kujumlisha na kutoa. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yangeweza kutenga jioni moja tu ya mwezi wa Mei, kila mtu aje na karatasi zake na kalamu. Anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Asiyepewa P9 na aidai sasa, kwa barua, na nakala ya barua hiyo aiweke.