Farasi Yule Akae Huko Huko Uani

Kila mjadala wa sanamu za wakoloni ukianza, hakosi mtu wa kusema eti tukiziondoa tunafuta historia. Hoja hii imenichosha. Hebu tuipeleke Windhoek, Namibia, tuone kama itasimama.

Mnamo Januari 27, 1912, siku ya kuzaliwa ya mfalme wao, Wajerumani walizindua sanamu ya shaba pale: askari juu ya farasi, bunduki mkononi, anautazama mji kutoka juu. Ilikuwa ya kuwakumbuka wenzao waliokufa katika vita dhidi ya Waherero na Wanama. Kibao chake kimehesabu kwa makini. Maafisa wangapi, askari wangapi, wanamaji wangapi. Hata raia wao wamo, wakiwemo wanawake 4 na mtoto 1.

Mtoto mmoja, jamani. Simwonei choyo, alistahili kukumbukwa. Lakini mtu aliyehesabu hadi mtoto mmoja asiniambie aliwasahau Waherero kwa bahati mbaya.

Kwa sababu Oktoba 2, 1904, Jenerali Lothar von Trotha, ambaye miaka michache awali aliongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki, alitoa amri kwamba Mherero yeyote atakayepatikana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi, awe na silaha au asiwe nayo. Waliokimbilia jangwa la Omaheke walizuiwa kurudi kwenye visima, wakafa kwa kiu. Waliobaki walisukumwa kambini. Kambi moja ilikuwa pale pale kwenye ngome ya Alte Feste, karibu na mahali farasi aliposimamishwa baadaye. Wanahistoria wengi wanakadiria makumi ya maelfu ya Waherero walikufa, na Wanama takriban 10,000. Kibaoni? Hakuna hata mmoja.

Sasa nani alifuta historia?

Siku ya Krismasi 2013 serikali iling'oa sanamu hiyo, ikaificha uani mwa Alte Feste. Wapo waliolia. Mimi nalalamikia siku tu: kazi kama hiyo ifanywe Jumatatu mchana, watu wakitazama, shule zikiwa zimefunguliwa.

Ila serikali nayo isijipigie makofi. Mwaka wa 2014 ilizindua sanamu mpya ya mauaji hayo, kazi ya kampuni ya Korea Kaskazini. Ujerumani nayo, mwaka wa 2021, ilikiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi kwa miaka 30, na ikakataa katakata kuziita fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walilalamika kwamba hawakuketi mezani kama wahusika. Yaani wazao wa marehemu wanasomewa matokeo ya kikao cha matanga yao wenyewe!

Na kabla hatujawacheka Wanamibia, pita Kenyatta Avenue hapa Nairobi. Kuna askari wa shaba na mpagazi wao, wa vita vya 1914 hadi 1918. Tafuta jina la mpagazi hata mmoja. Hulipati. Walichoachiwa wapagazi ni Kariokor, na wengi wetu tunashuka pale kununua viatu na nyama choma bila kujua neno hilo lilitoka kwa kikosi chao.

Farasi akae huko uani. Kilichobaki ni kuandika majina, na Waherero wapo, waulizwe.