Gari la Fahari Lililotumika: Bei Hushuka, Gharama Haishuki



Mtu anayestaafu katika mji wa Tanga, awe ametumikia bandari, reli, shule au kiwanda cha saruji cha Pongwe, hupokea mafao yake ya mkupuo mara moja tu katika maisha. Fedha hizo zinapoingia benki, washauri huwa wengi. Wa kwanza husema jenga, wa pili husema fuga kuku, na wa tatu, ambaye tayari ana picha za magari ya Japani katika simu yake, husema: "Mzee, umekwenda kazini kwa baiskeli miaka thelathini. Sasa nawe nunua Crown upumzike."

Leo tulizungumze shauri hilo la tatu. Mtu akipita mitaa ya Chumbageni jioni huyaona magari ya namna hiyo. Mengine yanang'aa na wenyewe wanastarehe nayo. Mengine yamefunikwa turubai uani, tairi zimekwisha upepo, yanasubiri kipuri ambacho fedha yake haijapatikana. Yote yalinunuliwa kwa furaha ile ile. Yafaa tujiulize ni nini kilichoyatenganisha.

Zamani jambo hili halikuwa shauri la mfanyakazi. Katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walibuni neno Wabenzi, wakiwataja kwa kejeli wakubwa waliopanda Mercedes-Benz wakati umma ukitembea kwa miguu. Leo gari la fahari lililokwisha kutumika miaka kumi na mitano au ishirini ng'ambo huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya gari dogo la kawaida. Hapo ndipo ulipo mtego. Umri hushusha bei ya gari, lakini haushushi daraja lake. Gari lililoundwa kwa ajili ya mkurugenzi litaendelea kudai breki za mkurugenzi na petroli ya mkurugenzi, hata likiwa mikononi mwa mwalimu mstaafu.

Hata hivyo si haki kusema kwamba magari haya hayadumu. Dereva mmoja wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alinunua mwaka 1981 Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976 iliyokwisha kwenda kilomita 220,000. Mwaka 2004 alilikabidhi gari hilo kwa makumbusho ya kampuni iliyoliunda, likiwa limetimiza kilomita milioni 4.6. Lakini wanaopenda kuisimulia habari hiyo husahau nusu yake: injini ilibadilishwa mara kadhaa, na matengenezo hayakukoma. Gari halikudumu lenyewe, lilidumishwa.

Tena, magari ya fahari hayafanani. Mercedes-Benz za miaka ya 1976 hadi 1985, zile ambazo mafundi huziita W123, ni za chuma kinene na mitambo ambayo fundi mzoefu aweza kuielewa kwa macho na mikono. Zilizofuata, W124, nazo ni imara, ila nyingi zilizoundwa katika miaka ya mwanzo na ya kati ya 1990 zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka na kupukutika kwa joto. Ama W220, iliyoanza kutoka mwaka 1998, hubebwa kwa mifuko ya hewa badala ya springi. Mpira wa mifuko hiyo ukipasuka kwa uzee, gari hulala chini kama ngamia, na kuliinua ni gharama kubwa.

Kwa upande wa Toyota Crown, zile za mwaka 1999 hadi 2003 hutumia injini zenye mkanda wa taiming, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, gari husimama njiani, na katika baadhi ya injini vali hugongana na pistoni. Zilizotoka kuanzia mwisho wa mwaka 2003 zina injini za V6 zinazotumia cheni, na cheni hudumu zaidi. Lakini injini hizo, hasa ile ya lita 2.5, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo petroli haioshi vali za kuingizia hewa, na masizi hujijenga hapo mpaka injini ianze kutetemeka na kukosa nguvu. Husafishwa, lakini na fundi anayeijua kazi hiyo. Basi kabla ya kuuliza bei, uliza ni injini gani, na ni nani mjini petu anayeimudu.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba na kuiweka juu ya bati, nayo huvuta unyevu wa hewa, hivyo chuma hakikauki vizuri hata siku ya jua. Kutu huanza mahali pasipoonekana: chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu na chini ya zulia la buti. Bandu bandu huisha gogo. Dawa yake si ghali. Osha gari chini kwa maji ya bomba, hasa baada ya kulipeleka karibu na mchanga wa Raskazone. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Mkwaruzo ukifika kwenye bati, upake rangi wiki hiyo hiyo, usingoje mwezi. Tena fahamu kwamba gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji huenda lilikwisha kuliwa na chumvi imwagwayo barabarani huko, kabla halijaiona bahari yetu.

Adui wa tatu ni joto, na hapa aghalabu tunajiumiza wenyewe. Maji ya kisima cha pwani yakitiwa katika rejeta huacha magamba na kutu ndani ya vijia vya injini. Tumia maji maalumu ya kupozea, ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Pia iko desturi ya kung'oa thamostati, yule mlinzi mdogo anayeyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto wake, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Akiondolewa, injini huchelewa kupata moto, kompyuta ya gari huongeza petroli ikidhani injini bado ni baridi, na mwenye gari hubaki akishangaa kwa nini tangi haliishi kiu.

Na petroli si jambo dogo. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa nchini mwetu, na ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake ni kwamba mwenye gari linalokunywa sana huchangia zaidi kila asimamapo kituoni.

Kwa hiyo, anayeazimia kununua na afuate mambo machache. Adai cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi, alinganishe na zinazoonekana kwenye dashibodi. Aende asubuhi, injini ikiwa baridi, aiwashe mwenyewe na kusikiliza, kwani injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha mengi. Amchukue fundi wake, wala si wa muuzaji, na gari liinuliwe lionekane chini. Kisha agawe fedha aliyoitenga kwa gari mafungu matatu: mawili ya kununulia, na moja libaki benki kwa tairi, breki, bushi na mafuta ya giaboksi, ambayo mwaka wa kwanza huja pamoja kama wageni wa harusi. Ikiwa mafungu yote matatu yanahitajika ili kulipata gari, basi gari hilo si lake.

Likishafika nyumbani, lifunguliwe daftari. Kila oili iliyobadilishwa, kila plagi na kila lita ya petroli viandikwe pamoja na tarehe na kilomita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litamwonyesha mapema kama gari linatumikia nyumba au nyumba inalitumikia gari, na siku ya kuliuza litakuwa shahidi wake mbele ya mnunuzi.

Mwisho, uamuzi huu usiwe wa baba peke yake. Mafao yale yaliliwa jasho na nyumba nzima: mama aliyebana matumizi, na watoto waliovaa viatu vilivyokwisha kuvaliwa na kaka zao. Nao wakae kitako, waone hesabu ya miaka mitano badala ya bei ya siku moja. Wakiridhika, gari na linunuliwe, litunzwe, liwapeleke Segera, Korogwe na Lushoto kwa raha. Wasiporidhika, gari dogo lenye vipuri vinavyopatikana kila duka litawafikisha huko huko, na ada ya shule itakuwa imelipwa.