Ramani Haijui Mchanga

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na mmoja wenu alinitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Ukambani na baiskeli yangu, na nimerudi na jambo linalonikera. Tena ni jambo la kompyuta, kwa hiyo mtanivumilia.

Jambo lenyewe ni hili. Kati ya Makueni na Kitui kuna njia tambarare zinazofuata bonde la mto Athi, na unaweza kuendesha baiskeli huko saa nzima bila kupishana na gari hata moja. Njia hizo zipo leo, hazingoji zabuni wala mkubwa wa kukata utepe. Lakini iulize simu yako njia ya baiskeli kutoka Makindu hadi Ikutha, ng'ambo ya mto, uone. Yangu ilinitupa moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Mombasa, katikati ya malori ya makontena. Wenzangu wakipata jibu kama hilo huitukana programu. Mimi nasema kosa ni letu, sisi tunaopita njia hizo kisha tunarudi nyumbani bila kuandika chochote.

Kwa asiyeijua sehemu hiyo: Athi ndio mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Unapita chini ya mlima Ol Doinyo Sabuk, unageukia kusini mashariki, na kuanzia hapo unasindikizwa na uwanda wa juu wa Yatta mpaka Tsavo. Baadaye unaitwa Galana, halafu Sabaki, na unaingia baharini kaskazini ya Malindi. Yatta yenyewe ni mto wa lava ulioganda, wenye urefu wa karibu kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani. Umesimama kama ukuta, na maji yakafuata mguu wa ukuta huo. Mto ndio mpaka: magharibi Makueni, mashariki Kitui. Ukishaviacha vilima vya Mbooni na Kilungu nyuma yako, upande wa Makueni ardhi inashuka taratibu kuelekea mtoni, na miguu inakushukuru.

Nani anatumia njia hizo? Sio sisi wa helmeti na kaptula za kubana. Ni punda wenye mitungi, ni mbuzi, ni wanafunzi, ni vijana wenye baiskeli za Black Mamba zilizofungwa mitungi minne ya lita 20. Wazungu wanaisifu sana njia ya baiskeli ya mto Danube, ile ya kutoka Passau hadi Vienna, na ni kweli inasifika. Lakini sehemu kubwa ya njia ile haikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa njia ya farasi waliokuwa wakivuta mashua dhidi ya mkondo. Waliona njia ipo, hailemei magoti, haina magari, wakaiandika na kuiwekea vibao. Sisi tuna njia za punda. Bado kuandika tu.

(Najua mtaniambia kuna lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Ipo, ni tamu, na mwenye tairi nyembamba hana pengine pa kwenda. Lakini haikosi magari. Yanayopita ni machache kuliko ya barabara ya Mombasa, na kwa sababu ni machache yanakimbia kama yamefukuzwa.)

Sasa tuingie jikoni. Programu ya kutafuta njia haioni barabara kama wewe unavyoiona. Inaona vipande vilivyounganishwa kwenye makutano, na kila kipande kina gharama. Edsger Dijkstra alichapisha mwaka 1959 namna ya kupata mfululizo wa vipande wenye gharama ndogo kabisa, na programu nyingi za leo ni wajukuu wa wazo hilo. Hesabu yake haina kasoro. Swali ni gharama ya kipande inatoka wapi. Inatoka kwenye lebo: barabara hii ni ya daraja gani, uso wake ni lami au changarawe au udongo, inavuka mto kwa daraja au kwa kukanyaga maji. Lebo isipokuwepo, programu inabahatisha. Na sheria za kubahatisha mara nyingi zimeandikwa na mtu wa Ulaya, ambako barabara ndogo ya kijijini isiyo na lebo huenda kweli ikawa na lami. Jaribu kubahatisha hivyo Kibwezi Mashariki!

Mimi ni mwandishi wa programu, kwa hiyo nilifanya kosa la waandishi wa programu: nilidhani dawa ni kuandika programu. Kuna programu huria inaitwa BRouter, inayosoma data ya OpenStreetMap, na uzuri wake ni kwamba sheria za gharama zimo kwenye faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulibadilisha. Nikakaa usiku mmoja nikaandika sheria zangu. Barabara kuu, gharama juu. Mchanga, gharama mara kumi. Njia ndogo yenye udongo mgumu, gharama chini kabisa. Nikajiona fundi. Nikabonyeza, na jibu likatoka lilelile: barabara ya Mombasa. Nikakagua sheria mara tatu nikitafuta kosa, na kosa halikuwepo. Njia nilizozitaka ama hazikuchorwa, ama zimechorwa bila lebo ya uso. Sheria zangu zote za mchanga hazikuwa na mchanga wa kushika.

Nikaamua kwenda mwenyewe na rafiki yangu aliyezaliwa upande ule. Siku ya kwanza tulifuata programu moja maarufu ya ramani iliyotuonyesha njia ya mkato ya kuvuka kijito. Kijito kilikuwa kikavu kweli. Ila chini yake kulikuwa na mchanga mlaini wa kuzamisha tairi nusu, na tukabeba baiskeli mabegani kama magunia, halafu tukatokea kwenye miiba ya migunga. Pancha nne kabla ya saa sita. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake alitutazama mpaka tulipofika, akasema, "Vijana wangu, hii si ya baiskeli. Hii ni ya ng'ombe. Ya baiskeli ni ile pale nyuma ya shule." Kweli, nyuma ya shule palikuwa na njia ya udongo mwekundu, ngumu kama sakafu, na ilitupeleka mbali bila gari hata moja. Haikuwa kwenye ramani yoyote niliyoipakua. Tulimwambia mzee muvea, na nikaanza kuandika lebo palepale, na simu yenye asilimia 30 za betri.

Wikendi mbili za kuandika zilitosha kwa kipande kile. Sio kuchora dunia nzima, ni kujibu maswali mawili tu: chini kuna nini, na mto unavukwaje. Ipo programu ya Android inaitwa StreetComplete ambayo inauliza maswali ya namna hii na kuonyesha picha za kuchagua. Huhitaji kujua hata mstari mmoja wa kodi. Niliporudi nyumbani na data mpya ikaingia, nikabonyeza tena, bila kubadilisha herufi moja ya sheria zangu. Njia ya nyuma ya shule ikatokea.

Swali la pili, la kuvuka mto, ndilo linaloninyima usingizi. Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Miezi mingi unaona mchanga mtupu, na watu wanafukua humo kupata maji, na mabwawa ya mchanga yamejengwa makusudi ili mchanga ushike maji yasikaushwe na jua. Halafu mvua inanyesha vilimani, mbali na macho yako, na mchanga ule unageuka mto. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa likivuka mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Barabara ile ilikuwa na dereva na watu waliokuwa wakitazama. Fikiria mgeni peke yake na simu, mwezi wa Novemba, akifuata mstari wa buluu kuelekea mtoni kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba pale hakuna daraja. Kwa hiyo simwelewi mtu anayeniambia njia za baiskeli ni starehe ya watu wa Nairobi. Mwanafunzi anavuka palepale.

Rafiki yangu ana hoja nyingine, na sitaificha. Anasema ukichora kila njia ya kwenda mtoni, umewachorea wachimba mchanga. Makueni walipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015 kwa sababu malori yalikuwa yakiimaliza mito, na mchanga ukiondoka maji yanaondoka nao. Nimelifikiria sana hilo. Jibu langu ni kwamba lori la mchanga halitafuti njia kwenye OpenStreetMap, lina dalali anayeijua mito kuliko mimi. Anayekosa habari ni mwenye baiskeli. Hata hivyo tulikubaliana: njia za kupita tunaandika zote, lakini vijia vinavyoishia kwenye visima vya mchangani tunaviacha. Wanaoteka maji pale hawahitaji ramani.

Nitarudi Agosti, mvua zikiwa mbali. Kutoka mtoni hadi mguu wa Yatta, upande wa Kitui, hakuna lebo hata moja, na nimeambiwa ukanda ule tembo wa Tsavo hupita usiku, kwa hiyo tutaanza asubuhi jua likishatoka na kumaliza mapema. Safari hii nabeba tyubu sita.