Kukoroma si kulala fofofo

KILA inapotajwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, mazungumzo huishia kwenye mambo yale yale: msongamano, mgawo wa chakula, na amri ya Serikali ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warudi kambini. Hayo ni mambo mazito na hayastahili kubezwa. Lakini lipo jambo jingine linaloendelea kila usiku ndani ya nyumba zile za matofali ya udongo, ambalo ni nadra kuitishiwa mkutano. Ni watu kukatika pumzi wakiwa usingizini.

Wataalamu huuita ugonjwa huo apnea ya usingizi. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kupita kiasi, njia ya hewa inaziba na pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka mwilini, ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa kishindo, kisha anaendelea kulala bila kujua kilichomtokea. Hali hiyo ikijirudia mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Kwa usiku wa saa saba, maana yake ni kukabwa koo zaidi ya mara 200, na asubuhi mtu anaambiwa kuwa alilala fofofo.

Hapo ndipo penye mtego. Katika jamii zetu kukoroma ni kichekesho. Mzee akikoroma, wajukuu wanacheka na majirani wanasema ameshiba. Ni kweli kwamba si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini mkoromo unaokatika ghafla, kikafuata kimya, halafu mtu akashtuka kama aliyeopolewa majini, huo si wa kuchekea. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa asubuhi, mdomo kukauka, kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kusahau, hasira za haraka na kusinzia mchana hata katikati ya mazungumzo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kuwa watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana tatizo hili, wakiwamo milioni 425 ambao hali yao ni ya kati au kali. Wala si maradhi ya matajiri wanene peke yao, kama wengi wanavyodhani. Unene huongeza hatari, lakini mtu mwembamba mwenye taya lililorudi nyuma, mwanamke aliyekoma hedhi na mtoto mwenye mafindofindo makubwa wote wanaweza kuupata.

Je, ukiachwa bila tiba hufanya nini? Kila oksijeni inaposhuka, moyo hulazimika kwenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Mambo hayo yakijirudia usiku baada ya usiku, miaka nenda rudi, mgonjwa hujikuta na shinikizo sugu lisiloshuka kwa dawa, moyo unaopiga bila mpangilio, na hatari kubwa zaidi ya kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 nchini Malawi ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakitumia dawa. Katika nchi yenye hali kama hiyo, mgonjwa ambaye shinikizo lake linakataa kushuka anastahili kuulizwa analalaje.

Hatari hiyo haimhusu mgonjwa peke yake. Desemba 1, 2013, treni ya abiria iliacha reli huko Bronx, New York, ikiwa katika mwendo wa kilomita 130 hivi kwa saa kwenye kona iliyotakiwa kupitwa kwa chini ya 50. Watu wanne walifariki dunia. Uchunguzi ulibaini kuwa dereva alisinzia, na kwamba alikuwa na apnea ya usingizi ambayo haikuwa imetambuliwa. Sasa fikiria barabara ya M1, uti wa mgongo wa Malawi, inayopitisha kupitia Lilongwe malori yaliyoingia nchini kwa mpaka wa Songwe kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ajali ikitokea alfajiri, husemwa dereva alikuwa mlevi au alikimbiza gari. Ni mara chache mtu huuliza kama anakoroma.

Turudi Dzaleka. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na karibu kila mmoja amekuja na sababu yake ya kukosa usingizi. Ndiyo maana ugonjwa huu unapata pa kujificha. Mwanamume anayesinzia mchana husemwa ana mawazo. Mama anayekurupuka usiku akitafuta hewa huambiwa ni ndoto za vita. Mwingine husemwa amekabwa na jinamizi, akapelekwa kwenye maombi au kwa mganga.

Sisi tuliosoma pale hatuwezi kukana kwamba majeraha ya moyo yapo. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kumbukumbu za vita na koo linaloziba. Kumtibu moja na kuliacha jingine ni kumtibu nusu. Hatari huwa kubwa zaidi pale anayelalamika kukosa usingizi anapopewa vidonge vya kulala kama diazepamu, au anapojitibu kwa pombe. Vitu hivyo hulegeza misuli ya koo, na kwa mwenye apnea ni sawa na kumfunga kamba pale pale anapokabwa.

Shuleni nako mambo ni hayo hayo. Mtoto anayesinzia darasani huitwa mvivu, na asiyetulia huitwa mtundu. Kama mwalimu, nasema mtoto anayekoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo achunguzwe koo kabla ya kuadhibiwa. Mafindofindo yakiwa ndiyo chanzo, upasuaji wa kuyaondoa humsaidia mara nyingi.

Tiba kubwa kwa watu wazima inajulikana. Ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, ambayo Dk. Colin Sullivan wa Australia na wenzake waliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mwandishi wa makala haya anaitumia tangu aliporejea nyumbani. Wiki za mwanzo barakoa inakera, pua inakauka, na mtu anatamani kuivua saa nane za usiku. Lakini ukivumilia, maumivu ya kichwa ya asubuhi yanapungua na mchana unarudi kuwa mchana. Umeme ukikatika usiku kucha, wanafunzi wanamtambua mwalimu wao kesho yake kabla hajafungua kinywa.

Na hapo kwenye umeme ndipo tiba inapogeuka suala la sera. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira na kuiondolea Malawi karibu theluthi moja ya umeme wake. Nyumba nyingi za Dzaleka hazina umeme wa kutegemewa, na mashine moja inagharimu mamia ya dola. Aidha, Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 ikiweka pingamizi kwenye haki kadhaa, ikiwamo ya kutembea kwa uhuru. Kwa hiyo safari ya kutoka kituo cha afya cha kambi hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, hutegemea rufaa, na rufaa hupewa anayeonekana mgonjwa. Mtu anayesinzia kwenye benchi haonekani mgonjwa. Tukiongeza kwamba mwaka 2025 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kwa uhaba wa fedha, ni dhahiri kuwa kudai maabara ya usingizi kambini ni kuota mchana.

Hata hivyo, yapo yanayowezekana kwa gharama ndogo. Tangu mwaka 2008 madaktari wana orodha ya maswali manane iitwayo STOP-Bang, iliyoandaliwa Toronto, Kanada: kukoroma, uchovu, pumzi kukatika, shinikizo la damu, uzito, umri, mzingo wa shingo na jinsia. Inahitaji mizani, futi kamba na kipimo cha shinikizo la damu tu. Vipo pia vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni vilivyozoeleka wakati wa korona. Vinavyohifadhi kumbukumbu ya usiku mzima vinaweza kuonyesha oksijeni ikishuka na kupanda tena na tena, na hiyo ni sababu tosha ya rufaa. Kwa wachache wenye hali kali, zipo mashine zinazoweza kuendeshwa kwa betri ya volti 12 inayochajiwa kwa jua.

Maswali hayo yaulizwe kabla ya kuandika dawa za usingizi, na yaulizwe pia kwa madereva wa malori na mabasi wanapohuisha leseni. Nyumbani, mgonjwa alale ubavu badala ya chali, aache pombe ya jioni, apunguze uzito kama umezidi, na amwambie daktari kuhusu kukoroma kwake kabla ya kupewa nusukaputi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya yana ujanja wa ziada, kwani humficha mgonjwa mwenyewe. Shahidi wake ni anayelala kando yake, na Dzaleka imejaa watu waliotenganishwa na waume, wake na watoto wao, wanaolala bila shahidi. Ukuta wa udongo ni mwembamba na jirani husikia. Badala ya kumcheka mwenzake asubuhi, jirani huyo amwambie alichokisikia, na kituo cha afya kiwe tayari kumsikiliza atakapofika.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesoma uhamishoni Dzaleka, Malawi, kabla ya kurejea nyumbani.